Iringa, Mji Ambao Historia Haikuhama

Abiria wengi wa mabasi yaendayo Mbeya, Songea na Tunduma huijua Iringa kwa dirishani tu. Basi likishamaliza kuzikata kona za Mlima Kitonga, hewa hubadilika, watu huanza kupekua mabegi kutafuta masweta, na baada ya muda dereva hupunguza mwendo, wachuuzi wakakimbilia madirisha na mahindi ya kuchoma. Mji wenyewe hauonekani vizuri. Uko juu, ukingoni mwa mlima, mita zaidi ya 1,500 kutoka usawa wa bahari, na barabara kuu inapita chini yake, upande wa Mto Ruaha Mdogo. Anayeutaka sharti apande.

Wasiopanda wanakosa mengi. Ndani ya mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka katikati ya mji, msafiri anaweza kuanza asubuhi na zana za mawe zilizochongwa zaidi ya miaka robo milioni iliyopita, akaingia mchana katika makao makuu ya mtawala aliyewashinda Wajerumani vitani, akamalizia jioni ndani ya jengo la Wajerumani haohao ambalo leo linasimulia habari za waliotawaliwa. Yote kwa bajaji au teksi ya kukodi, na jioni ukalala kitandani pako mjini.

Kwangu, sifa kubwa ya Iringa ni kwamba vitu vyake viko kwao. Katika makumbusho makubwa ya dunia kila kitu kina kibandiko cha kueleza kilikotolewa: kaburi fulani la Misri, kasri fulani la Benin, kilima cha Tendaguru kule Lindi, ambako mifupa ya dinosaria mkubwa anayesimama leo Berlin ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913. Iringa vibandiko vya namna hiyo havina kazi sana. Jiwe liko pale lilipoachwa na aliyelichonga. Fuvu la yule mtawala, lililopelekwa Ulaya, lilirudishwa kijijini kwake. Ukitaka kujua kitu kimetoka wapi, tazama chini ya miguu yako.

Asubuhi: korongo la Isimila

Isimila iko kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya, kisha unaacha lami na kufuata njia ya vumbi kidogo. Ni vyema kuwahi. “Dada, hapa asubuhi ndiyo saa yake,” aliniambia dereva wangu. “Saa saba mchana lile korongo linakaanga watu.” Alisema kweli. Saa mbili asubuhi baridi ya Iringa bado ilikuwa ikiuma masikio, na jua lilikuwa limeanza tu kuzigusa nguzo kwa juu.

Nguzo hizo ndizo zinazopigwa picha zaidi. Ni minara ya udongo na mchanga ulioshikamana, myekundu kwa chini na ya kijivu kwa juu, mingine ikipita urefu wa nyumba ya ghorofa. Hakuna mtu aliyeijenga. Zamani hapa palikuwa na ziwa dogo au dimbwi kubwa, na maji yalileta matope na mchanga, tabaka juu ya tabaka, kwa maelfu ya miaka. Ziwa lilipokauka, kijito kikaanza kulikata lile rundo. Palipokuwa na tabaka gumu kwa juu, udongo laini ulio chini yake ulipata kofia ya kuukinga na mvua. Pasipokuwa na kofia, maji yalikula kila kitu. Masika yakija kazi hiyo huendelea. Mwongozaji wetu, kijana wa kijiji cha jirani, alituonyesha nguzo moja iliyopoteza kofia yake, imeanza kuchongoka na kuliwa pembeni. “Hii wajukuu zangu hawataikuta,” alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari.

Lakini nguzo si jambo kubwa la Isimila. Jambo kubwa liko chini, kwenye sakafu ya korongo, ndani ya kibanda cha kuezekwa kilichojengwa kuzuia mvua na mikono ya watu. Humo mawe yamelala kama yalivyofukuliwa. Mwaka 1951 kijana kutoka Afrika Kusini, D. A. Maclennan, alipita hapa na kuokota mawe yaliyoonekana wazi kuwa yamechongwa. Mwaka 1957 na 1958 timu ya Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago ikachimba kwa utaratibu. Kwanza ilidhaniwa kuwa zana hizi zina makumi kadhaa ya maelfu ya miaka. Vipimo vya baadaye vikaurudisha umri wake nyuma hadi takribani miaka 260,000. Ni zana za Zama za Mawe za Kale: mashoka ya mkono yaliyochongoka mbele na kunenepa nyuma, vipasulio vyenye makali mapana, na vikwangulio vya ngozi na mti.

Kwenye meza ya mapokezi mgeni huruhusiwa kushika shoka moja. Nililishika, na mara moja nikaelewa kwa nini vitabu vya shule havitoshi. Ukilitazama pichani, shoka la mkono ni jiwe tu lenye umbo la yai lililobanwa. Ukilishika, vidole vinajipanga vyenyewe. Pande zote mbili kuna makovu ya vipande vilivyobanduliwa, kila kovu likikata ukingo wa kovu lililotangulia, mpaka makali yamenyooka kutoka kwenye ncha hadi karibu na kiganja. Mchongaji alichagua jiwe, akaligonga kwa jiwe jingine upande huu, akaligeuza, akagonga upande wa pili, na kila pigo lilihitaji kukumbuka pigo la nyuma na kuwaza la mbele. Kuna mashoka hapa madogo kama kiganja, na kuna mengine mazito kiasi cha kuhitaji mikono miwili, mpaka unajiuliza yalikuwa ya kazi gani. Wataalamu nao wamejiuliza.

Mifupa ya watu wenyewe haijapatikana Isimila. Iliyopatikana ni ya wanyama, wakiwemo tembo na aina ya kiboko ambaye ametoweka duniani, macho yake yakiwa yamechomoza juu ya kichwa kuliko ya kiboko wa leo, ili aone hata akiwa amezama karibu mwili mzima. Basi tuna karakana bila mafundi. Walikuja kwenye maji kwa sababu wanyama walikuja kwenye maji. Walichinja, walichuna, walichonga zana mpya, wakaacha za zamani zikiwa zimetapakaa. Ziwa likazifunika kwa matope. Kijito kikazifunua. Kati ya matukio hayo mawili hakuna aliyezihamisha.

Makumbusho ndogo iliyopo hapo ni ya chumba chenye picha, ramani na makabati. Ianzie hiyo kabla ya kushuka korongoni, kwa sababu bila maelezo yake mgeni anaweza kuikanyaga historia ya robo milioni ya miaka akidhani ni kokoto. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo, na hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo simu iwe na salio na chaji.

Mchana: Kalenga ya Mkwawa

Kutoka Isimila tulirudi mjini, kisha tukashika barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kalenga iko kama kilomita 15, ng’ambo ya Ruaha Mdogo, katikati ya mashamba ya mahindi na nyanya. Anayetarajia ngome ya kutisha hataiona. Ni kijiji kilichotulia, chenye miti, nyumba za matofali, na watu ambao salamu zao hazina haraka. “Kamwene,” wanakusalimu, na usipojibu “kamwene” vizuri wanakurudisha darasani kwa kicheko.

Lakini mwaka 1891 mtu angesema Kalenga ndio mji wenye nguvu kuliko wote kati ya pwani na Ziwa Nyasa. Ufalme wa Wahehe uliunganishwa na Munyigumba, aliyezikusanya koo na himaya ndogondogo za nyanda hizi chini ya mkono mmoja. Alipofariki, karibu na mwaka 1879, ulizuka ugomvi wa urithi, na mwanawe Mkwavinyika ndiye aliyeibuka. Huyo ndiye Mkwawa. Alipigana na Wasangu, alipigana na Wangoni, alidhibiti njia za misafara ya biashara, na hapa Kalenga akajenga boma lenye ukuta wa mawe na udongo. Mabaki ya ukuta huo yapo, ila yanahitaji mwongozaji wa kuyatofautisha na matuta ya kawaida.

Wajerumani walipompelekea majeshi, walimtuma Emil von Zelewski, ambaye Waswahili wa pwani walimwita Nyundo. Wapenzi wa historia wanamjua: ni yuleyule ambaye ubabe wake mjini Pangani mwaka 1888 ulichochea vita ya Abushiri. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, upande wa barabara ya kwenda Dar es Salaam, msafara wake ulikuwa ukipita porini kwa mstari mmoja mrefu wa askari, punda na wapagazi. Wahehe walikuwa wamejificha majanini. Mizinga haikupata hata nafasi ya kutegwa. Vita yenyewe ilikwisha kwa dakika chache. Zelewski aliuawa, pamoja na Wajerumani wengine na askari wao walio wengi, na Mkwawa akarudi Kalenga na mamia ya bunduki. Mnara wa ukumbusho wa Wajerumani waliokufa bado upo Lugalo. Jina la mahali hapo, kwa upande wa washindi wa siku ile, liko kwenye kambi maarufu ya jeshi jijini Dar es Salaam.

Wajerumani walijibu baada ya miaka mitatu. Tarehe 30 Oktoba 1894, kikosi kikubwa kilichoongozwa na Gavana Friedrich von Schele kiliipiga Kalenga kwa mizinga na kuuvuka ukuta. Mji uliangushwa. Mkwawa hakupatikana. Kwa karibu miaka minne mingine alipigana vita vya msituni, akihama usiku, akilishwa na kufichwa na watu wake, huku Wajerumani wakitangaza rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Mwaka 1896 Tom von Prince aliweka kituo cha kijeshi pale ulipo mji wa Iringa leo, ili kumbana. Wajerumani walimsimika mdogo wake Mkwawa, Mpangile, kuwa mtawala. Baada ya muda mfupi wakamshuku kuwa anamsaidia kaka yake, wakamnyonga. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa mgonjwa na amezingirwa huko Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi. Askari waliomfikia walikuta maiti. Kichwa kikakatwa kikapelekwa kituoni kwa Prince. Kiwiliwili kikazikwa Mlambalasi.

Makumbusho ya Mkwawa ni nyumba ndogo nyeupe. Tulipofika, basi la shule lilikuwa limeshamwaga wanafunzi wa darasa la sita, wamepanga mstari mlangoni, kila mmoja na daftari. Mwongozaji alikuwa mzee mwenye kofia ya sufi. “Shikamoo mzee.” “Marahaba mwanangu, ingia tu, somo ni moja.” Ndani kuna mikuki, ngao, marungu, bunduki kuukuu, picha za ukoo na vyombo vya nyumbani. Katikati kuna kasha la kioo, na ndani ya kasha kuna fuvu.

Ni dogo kuliko mtu anavyotarajia, rangi ya chai ya maziwa, lina tundu la risasi. Wanafunzi waliokuwa wakisukumana mlangoni walinyamaza wenyewe. Kisha mtoto mmoja akauliza swali ambalo watu wazima huliona aibu: kwa nini alijiua badala ya kuwaua wao? Mzee hakumkemea. “Aliwapiga miaka saba,” alisema. “Siku ile alikataa jambo moja tu, kushikwa.” Madaftari yote yakaandika.

Safari ya fuvu hilo ni hadithi peke yake. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, Horace Byatt, aliyekuwa akiiongoza Tanganyika kwa niaba ya Waingereza, alipendekeza lirudishwe. Pendekezo lake likaingia kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Kifungu cha 246 kina madai mawili yaliyokaa bega kwa bega: Ujerumani irudishe kwa Mfalme wa Hejaz Msahafu wa Khalifa Othman uliotolewa Madina, na ikabidhi kwa serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa, yote ndani ya miezi sita. Mataifa makubwa yaliyokuwa yakigawana dunia yaliandika jina la mtawala wa Uhehe katika karatasi hiyohiyo yaliyochorea mipaka ya Ulaya.

Miezi sita ikawa miaka 35. Wajerumani walisema hawalijui liliko. Hatimaye Gavana Edward Twining alilifuatilia mwenyewe, na mwaka 1953 akaenda Bremen, ambako makumbusho ilikuwa na maelfu ya mafuvu. Yaliyotoka Afrika Mashariki yalitengwa, yakapimwa na kulinganishwa na vipimo vya vichwa vya ndugu wa ukoo, na likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Juni 1954 Twining alilikabidhi hapa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baada ya uhuru alikuja kuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama fuvu lililochaguliwa ndilo lenyewe, na mashaka yao yana msingi, maana kupima kichwa kwa futi si ushahidi wa kumaliza kesi. Wahehe wanayajua mashaka hayo. Hata hivyo walilipokea, wakalijengea nyumba, na kila mwanafunzi anayeingia hapa huondoka akijua kwamba kilichochukuliwa kinaweza kudaiwa na kikarudi.

Hilo si dogo kwa Tanzania ya leo. Ukoo wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 kwa sababu ya vita vya Maji Maji, bado unatafuta kichwa chake. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, akaomba msamaha mbele ya ukoo na kuahidi msaada wa kutafuta. Anayetaka kujua kinachotafutwa Songea kinafananaje kikishapatikana, aje Kalenga. Ni chumba kimoja, kasha moja, mzee mmoja anayejibu maswali. Lakini chumba hicho kiko nyumbani.

Nje ya makumbusho kuna makaburi ya ukoo, likiwemo la Adam Sapi mwenyewe. Mwenye muda zaidi na gari imara anaweza kuendelea na barabara ya Ruaha hadi Mlambalasi, kwenye kaburi la kiwiliwili na pango la mwamba ambamo watafiti wamefukua mabaki ya watu walioishi maelfu ya miaka kabla ya Mkwawa. Hiyo, hata hivyo, ni safari ya siku nyingine.

Alasiri: jengo lililobadilisha kazi

Njaa ilitupandisha tena mjini. Iringa ni mji wa kula vizuri kwa bei ya kawaida, na mchele, maharage, mboga na viazi vyake havijasafiri mbali kufika sahanini. Nilikula katika mgahawa wa Neema Crafts, mradi ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana kuwapa watu wenye ulemavu ufundi na ajira. Wahudumu wengi ni viziwi. Unaandika chakula unachotaka kwenye karatasi, au unajaribu ishara zilizochorwa mezani, na ukikosea mhudumu anakurekebisha kwa tabasamu mpaka mkono wako useme “asante” sawasawa. Mafundi wa hapo hufuma, hushona na hutengeneza karatasi kwa mikono, hata kwa kinyesi cha tembo. Kadi yake haina harufu, nimeinusa.

Kutoka hapo unatembea tu, kwa sababu katikati ya Iringa ni pa kutembea: mitaa yenye mteremko, maduka yenye varanda, soko kuu ambalo vikapu vya milulu vya Iringa vimepangwa hadi darini. Boma la Iringa liko humohumo mjini. Wajerumani walilijenga mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza likiwa hospitali ya jeshi lao: kuta nene za mawe, varanda pana za kukinga jua, na milango mirefu. Waingereza walipoingia likawa ofisi za utawala, na baada ya uhuru serikali iliendelea kulitumia hivyo. Katika mwaka 2016 lilifunguliwa upya kuwa makumbusho na kituo cha utamaduni, kazi iliyofanywa na mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya.

Kati ya makumbusho za siku hiyo, hii ndiyo iliyopangwa kwa ufundi zaidi. Maelezo ni ya Kiswahili na Kiingereza, taa zimewekwa penye maana, na vyumba vinakupitisha kwenye jiolojia, Isimila, Wahehe, Wabena na majirani zao, ukoloni, na maisha ya sasa. Nilikaa sana kwenye vyombo vya nyumbani. Kuna vigoda, vyungu, vinu, na vitu vya ulanzi, ile pombe ya mianzi ambayo nyanda hizi haziwezi kusimuliwa bila kuitaja. Ulanzi haupikwi. Mianzi michanga hukatwa ncha wakati wa mvua, utomvu ukadondokea kwenye kibuyu au kopo, na kila asubuhi na jioni mgemaji hurudi kukata tena kipande chembamba ili njia isizibe. Ukinywewa siku hiyo ni mtamu. Ukilala, unageuka na kumgeuza mnywaji. Mama mmoja aliyekuwa akitazama kabati hilo pamoja nami aliwaambia binti zake, “Hiki kisu cha babu yenu mnakidharau nyumbani, hapa kimewekewa taa.”

Kinachonifurahisha ndani ya Boma ni namna mambo yalivyogeuzwa bila kelele. Nyumba iliyojengwa kuwatibu askari wa jeshi lililouvunja ufalme wa Wahehe leo inalipiwa tiketi na wajukuu wa Wahehe waje kujitazama. Hakuna aliyelazimika kuivunja. Ilitosha kubadilisha kinachosimuliwa ndani yake.

Ukitoka, si mbali kuna makaburi ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ambako Waingereza na Wajerumani waliopigania nchi isiyokuwa yao wamelazwa katika uwanja mmoja uliofyekwa vizuri. Pitia kwa dakika chache. Mawe yana majina, vyeo na tarehe. Ukiwa umetoka Kalenga muda si mrefu, utayasoma kwa jicho jingine: hawa wana majina juu ya makaburi yao, na wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya vita hiyo na kufa kwa makumi ya maelfu, hawana.

Jioni: juu ya Gangilonga

Mwisho wa siku ni mwamba. Gangilonga ni jabali kubwa linalouchungulia mji kutoka juu, lina ufa ambao upepo huupitia kwa sauti. Wenyeji wanasimulia kwamba Mkwawa alikuja hapa kutafakari, na kwamba mwamba ndio uliomwambia kuwa wageni wenye silaha wanakuja. Kupanda hakuhitaji kamba wala ujasiri, ni viatu visivyoteleza tu, na ni vyema kwenda na mwenzako kabla giza halijaingia.

Thamani ya Gangilonga kwa mtu aliyezunguka tangu asubuhi ni kwamba siku nzima inajipanga mbele yako. Chini ni mji wa bati na miti uliozaliwa na kituo cha kijeshi cha mwaka 1896. Magharibi, bonde la Ruaha Mdogo linateremka kuelekea Kalenga. Upande wa barabara ya Mbeya, nyuma ya vilima, ndiko liliko korongo la Isimila. Mashariki ndiko alikokufa Nyundo. Mtu akikuonyesha kwa kidole, unafahamu kwa nini Mkwawa aliona watu kabla hawajamwona.

Kwa anayepanga kwenda: Juni hadi Agosti ni baridi kali kwa mtu wa pwani, lakini njia ni kavu na korongo la Isimila halina maji. Kuanzia Novemba mvua huanza, nchi ikawa ya kijani, na njia za vumbi zikadai gari la juu. Kubaliana bei ya bajaji au teksi ya siku nzima kabla ya kuondoka, mwambie dereva asubiri kila kituo, na umnunulie chakula cha mchana. Atakulipa kwa hadithi. Chukua mwongozaji kila mahali, hata kama umesoma vitabu vyote, kwa kuwa bila yeye ukuta wa Kalenga ni tuta na zana za Isimila ni kokoto. Kama una watoto, nenda nao. Maswali yao ni mazuri kuliko yetu.

Tumezoea kusema kwamba historia ya Tanzania iko Zanzibar, Bagamoyo na Kilwa, na mabasi ya ziara za shule huelekea huko. Pwani inastahili sifa zake zote. Lakini bara nalo lilikuwa na miji yake, kuta zake, majemadari wake, na karakana zake za kale kuliko mji wowote wa pwani, na sehemu kubwa ya hayo bado imekaa pale yalipotokea, ikisubiri abiria washuke. Kwa hiyo safari ijayo, basi likipunguza mwendo chini ya Iringa, usinunue mahindi tu. Shuka na begi lako. Basi la kesho lipo, na likikupita nalo, bado hujaiona Mlambalasi.